Hukumu Haina Miguu

Hukumu haina miguu. Mwenye miguu ni wewe.

Mmelisikia neno hili asubuhi kwa yule mama aliyepita hapa mbiombio, viatu mkononi na matope hadi magotini, akiwahi kortini. Alipoulizwa kwa nini asiwasubiri hao wa korti wampigie simu, akajibu hivyo bila kusimama, nanyi mkacheka. Sasa mnataka kujua limetoka wapi. Nitawaambia, ingawa si kisa cha kuchekesha, na anayetaka kuchezea simu akaichezee nje. Neno lenyewe lilizaliwa hivi.

Palikuwa na mwanamke wa Mrughu, huko juu milimani, jina lake Mghoi. Baba yake aliitwa Mzee Righa, mtu mpole, mwenye maneno machache, ambaye hata kuku wa jirani akiingia shambani mwake alimrudisha kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto. Mzee huyo alikuwa na shamba la ngazi tano, zilizokatwa kwenye mteremko wa mlima chini ya chemchemi, na kwenye ngazi ya tatu ya shamba hilo alimzika mkewe, mama yake Mghoi. Jirani yake Maghanga alikuja kudai kwamba ngazi zote tano ni za babu yake. Alianza kwa kusogeza ua, kisha akaingiza jembe. Wazee wa kijiji walishindwa kuwapatanisha, ndipo Mzee Righa akashauriwa ashuke mjini Kivuso, makao ya kaunti, akafungue kesi. Akaifungua.

Hapa lazima mwelewe desturi ya watu wale, la sivyo mtamwona mzee wa watu mjinga, na hakuwa mjinga. Zamani wazee walipoamua ugomvi wa ardhi, wagomvi hawakukaa kusikiliza uamuzi. Kila mmoja alisema yake, akaenda kwake, akatulia. Wazee walipomaliza kushauriana walimtuma mtu akate tawi la isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani, alipeleke kwa aliyeshinda na kulichomeka mlangoni pake. Aliyeona isale alijua kashinda. Asiyeliona alijua pia, akafungasha vyake bila kusukumwa. Kwenda kuuliza ilikuwa aibu kubwa. Ilikuwa ni kusema kwamba huwaamini wazee, au huiamini haki yako mwenyewe.

Basi hakimu wa Kivuso alisikiliza pande zote mbili, akaandika, akatangaza kwamba hukumu itasomwa tarehe kumi na moja Juni, saa tatu asubuhi. Mzee Righa aliinama kwa heshima, akarudi kwake milimani. Tarehe hiyo ilipofika alioga, akavaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye kigoda akiutazama mlango. Alikaa kutwa. Kesho yake akavaa tena koti lile, akakaa. Siku ya nane akalivua, akalikunja, akamwambia Mghoi, aliyekuwa amekuja kumwona akiwa na kitinda mimba wake mgongoni, "Isale halikuja, mwanangu. Tumeshindwa."

"Baba, si tuulize?"

"Mtu huuliza alichonyimwa. Mimi nimehukumiwa."

Akahama. Hakugombana na mtu. Alishuka tambarare, kwenye joto na vumbi la mkonge, akajenga kijumba cha udongo kwenye kiwanja cha kanisa alichopewa kwa huruma. Maghanga akalima ngazi zote tano, na kaburi la mama likawa katikati ya mahindi ya mtu mwingine.

Miaka kumi na mitano ikapita. Mvumilivu hula mbivu, twasema, na kweli wengi wamezila. Lakini wapo waliovumilia mpaka mbivu zikawaozea mtini. Mzee Righa kifua kikamshika, vumbi lile la mkonge likamkausha, na mwaka huo madaktari wakamwambia Mghoi amlishe anachopenda. Mghoi alielewa maana yake. Mzee naye alielewa.

"Sipendi chakula," alimwambia bintiye. "Napenda kulazwa kando ya mama yako. Kamwombe Maghanga. Usimdai, mwombe tu."

Mghoi akapanda milima. Alimkuta Maghanga uani akipukuchua maharagwe, mtu wa mvi sasa, mwenye nyumba ya mabati mapya. Akapiga magoti, akasema ombi la baba yake. Maghanga hakuinua uso.

"Baba yako hakuja kwangu, mama. Alikwenda kortini. Kaulize huko huko kortini kama ana kaburi hapa."

Aliyasema hayo kama mtu anayemtuma mtoto akaulizie bei ya mwezi wa angani. Aliwajua watu wake. Alijua kwamba mtu wa Mrughu hakanyagi kortini kuulizia uamuzi, na kwamba Mghoi angerudi kwa baba yake akiwa amejifunika leso usoni. Lakini alikosea jambo moja. Mghoi alikuwa amekwisha kuaibika kwa kupiga magoti mbele yake, na aliyelowa haogopi mvua.

Jumatatu alikuwa langoni pa korti ya Kivuso. Alisimama hapo saa nzima akiwatazama mawakili wakiingia na mikoba yao, akijiuliza kama inahitajika barua ya chifu, au wakili, au jamaa aliye ndani. Mwishowe askari wa lango alimuuliza anatafuta nini, naye akamwambia. Askari akamwonyesha mlango wa buluu. "Masjala ni pale. Mafaili yote ya kesi hukaa pale."

Karani wa masjala alikuwa mtu wa kutoka mbali, Bwana Ontiri, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nimekuja kuona kesi ya baba yangu," Mghoi alisema. "Lakini mimi si wakili."

"Sijauliza uwakili, mama. Kesi ya shamba husikizwa mlango wazi. Mtu yeyote anaweza kuomba kuisoma, hata jirani yako. Namba ya kesi?"

"Sina."

"Mwaka?"

Mghoi akafikiri. "Kitinda mimba wangu alikuwa bado ananyonya. Sasa yuko kidato cha kwanza."

Ontiri akacheka kidogo, si kwa dharau. "Hiyo nayo ni kalenda. Na majina?"

"Righa ndiye aliyeshtaki. Aliyeshtakiwa ni Maghanga."

"Nusu ya milima hii ni akina Maghanga. Haya, keti."

Akateremsha madaftari mawili makubwa ya kuandikishia kesi, kila moja la mwaka wake, akayafungua moja baada ya jingine, kidole kikishuka polepole kwenye majina. Mghoi alikitazama kidole kile. Katika daftari la pili kikasimama. Kesi ya madai namba sitini na tatu. Ontiri akaiandika kwenye kikaratasi, akampa.

"Itunze hii namba kama jina la mtoto wako. Ukiwa nayo, huhitaji kumlilia mtu. Sasa jaza fomu hii ya kuomba kusoma faili, lipa ada yake ndogo pale dirishani, uniletee risiti. Faili lenyewe limekwisha fungwa, liko ghalani. Njoo Alhamisi."

Alhamisi akaja. Faili halikuonekana, furushi la mwaka ule lilikuwa limehamishwa paa lilipovuja. Ontiri akamwomba radhi, akamwambia aje Jumanne. Kila aliporudi tambarare baba yake alimgeuzia macho, asiulize. Jumanne ile mzee hakuweza tena kuketi bila kushikwa, na Mghoi alitoka nyumbani akijua anashindana na pumzi ya mtu.

Faili lilikuwapo. Lilikuwa jembamba, limeliwa na mchwa pembeni, limefungwa kwa uzi mweupe. Ontiri alimwekea mezani, akamwambia halitoki nje ya chumba kile ila anaweza kusoma atakavyo. Mghoi akapekua. Akaona alama ya kidole gumba cha baba yake, ya wino uliofifia, akaigusa. Akaendelea hadi ukurasa wa mwisho, ulioandikwa kwa mkono wa hakimu. Ulikuwa kwa Kiingereza, maneno yamebanana, akausukuma mbele ya karani.

"Nisomee, bwana. Nataka kujua tulishindwa kwa kosa gani."

Ontiri akasoma kimya kwanza. Kisha akaivua ile miwani yake ya uzi, akaifuta, akaivaa tena, akasoma kwa Kiswahili.

"Tarehe kumi na moja Juni. Mdai, Righa, hayupo. Mdaiwa, Maghanga, yupo. Mahakama imeridhika kwamba ngazi zote tano ni za mdai. Mdaiwa aondoke, wala asirudi kumsumbua."

Maneno mawili ndiyo yaliyobaki masikioni mwa Mghoi: hayupo, yupo. Maghanga alikuwa amesimama pale pale, akasikia kwa masikio yake kwamba ameshindwa, akapanda milima, akangoja kuona nini kitatokea. Hakikutokea kitu. Siku ya nane mshindi akafungasha vyake mwenyewe.

"Alishinda," Mghoi alisema. "Baba yangu alishinda." Kisha akainuka kwa ghafla. "Nipe karatasi hiyo. Leo leo nampeleka shambani kwake, hata nikimbeba."

"Nakala nitakupa, mama, na muhuri nitaupiga." Ontiri alikuwa hamtazami. "Lakini keti kwanza. Sheria inampa aliyeshinda miaka kumi na miwili kuitekeleza hukumu yake. Hii ina kumi na mitano. Ungekuja miaka mitatu nyuma, ningekupeleka mimi mwenyewe kwa hakimu."

"Maana yake?"

"Maana yake ni karatasi ya kweli, lakini haiwezi tena kumwondoa mtu shambani. Kamuulize wakili, usishike maneno yangu peke yake. Lakini sitaki kukudanganya."

"Kwa nini hamkumwambia? Miaka yote hii, kwa nini hakuna aliyekuja?"

"Mama, hapa hukumu husomwa tarehe iliyotajwa, mwenyewe awepo asiwepo. Kisha hufungwa na kuwekwa. Hatuna mtu wa kumpelekea kila mtu nyumbani kwake."

Mghoi akalia pale pale mezani, akalia kwa sauti, na waliokuwa kwenye foleni wakageuza nyuso. Ontiri akamwachia faili mpaka alipomaliza.

Akaondoka na nakala yenye muhuri wa mviringo. Nje ya ua wa korti, kwenye mpaka wa shamba la kanisa, kulikuwa na safu ya isale. Akasimama, akakata tawi moja.

Mzee Righa alikuwa amelazwa mkekani, uso ukiutazama mlango. Aliliona tawi kabla ya kumwona bintiye. Akajaribu kuinuka. Akaunyoosha mkono wake mkavu mpaka akaligusa jani, naye Mghoi akalichomeka kwenye ufa wa kizingiti, kama ilivyokuwa desturi.

"Limekuja," mzee akasema. Machozi yakamtoka, na Mghoi hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya kumzika mama. "Nilijua. Sikusema uongo mbele yao. Lini wameamua?"

Mghoi alikuwa ameazimia njia nzima kumficha. Lakini baba yake hakuwahi kumdanganya hata kwa jambo dogo.

"Tarehe ile ile, baba. Tarehe kumi na moja."

Mzee akahesabu kichwani. "Basi twende nyumbani. Nikunjie koti langu."

"Baba, muda umepita. Walisema miaka kumi na miwili. Karatasi ninayo, shamba hatulipati."

Pumzi ya mzee ilikwaruza. Mghoi alimshika mkono akingoja amlaani Maghanga, au korti, au hata yeye aliyechelewa kuuliza. Mzee alilitazama tu lile tawi.

"Niliketi na koti langu siku nane," alisema mwishowe. "Nikafikiri itakuja. Kumbe hukumu haina miguu, Mghoi. Mwenye miguu nilikuwa mimi."

Hakusema neno jingine la maana baada ya hilo. Alikufa Ijumaa. Mghoi alimpelekea Maghanga nakala yenye muhuri, akamwomba tena mara ya mwisho, safari hii amesimama. Maghanga aliishika, akaitazama muda mrefu, akamrudishia, akafunga mlango. Wakili aliyeulizwa alisema yale yale ya Ontiri. Mzee Righa akazikwa tambarare, kwenye vumbi la mkonge, mbali na mkewe kwa mwendo wa siku nzima, na koti lake la kanisani mwilini. Ile nakala waliikunja wakaitia mfukoni mwa koti. Tawi la isale lilichomekwa kichwani pa kaburi, likashika, likaota, na hata leo liko, ingawa halina mpaka wowote linaoulinda.

Tangu hapo watu wa Mrughu hawakai tena nyumbani kungoja. Hakimu akitaja tarehe huiandika ukutani kwa mkaa, na namba ya kesi chini yake. Siku ikifika hushuka, kwa mguu, kwenye mvua, na mgonjwa hubebwa. Anayevuta miguu huambiwa maneno ya mzee yule.

Sasa basi. Hukumu ya kesi ya mirathi ya babu yenu inasomwa keshokutwa saa tatu, na jana nimewasikia mkisema mtakaa hapa mngoje kupigiwa simu. Sitagombana nanyi. Nawauliza tu viatu vyenu viko wapi, kwa maana hukumu haina miguu; mwenye miguu ni wewe.