Madoriani Chini ya Dirisha la Sultani

Ee mwenzangu unisikilizaye, wewe umeona wapi daraja likivunjika, kikatafutwa kikao kabla ya kutafutwa fundi? Hujaona? Basi sogea.

Hapo zamani, katika mji wa Kizimbwi, palikuwa na kijana akiitwa Ngwali. Alisoma ng'ambo hisabati, mantiki na elimu ya njia na maji, akarudi na shahada yenye muhuri mkubwa kama sahani, na kazi asipate. Kila akienda barazani kwa Sultani huambiwa, "Tutakuita." Kazi ya njia alikuwa nayo Waziri Mwinyi Chande, ambaye ujuzi wake wote ulikuwa ni kumwoa dada yake Sultani. Ikawa Ngwali hushinda shambani kwa Bi Mchanga, mjane mwenye midoriani, akimwokotea matunda apate chakula cha mchana.

Basi Barabara ya Sultani ilitoka jumbani, ikapita mashambani, ikavuka mto kwa daraja la kulipiwa ushuru, ikaishia sokoni. Siku moja ikanyesha mvua kubwa, mto ukalizoa daraja. Na siku hiyo magari ya ng'ombe ya Bi Mchanga na jirani zake yalikuwa yamo njiani, yamejaa madoriani ya msimu mzima. Na doriani likishaanguka halina subira, leo tamu, kesho kutwa la kutupa. Njia nyingine ilikuwapo, ya Mlimani, yenye kivuko kizuri cha mawe. Lakini ilipita katikati ya mikarafuu ya Waziri, naye hakupenda magurudumu ya watu. Akamnong'oneza Sultani, ikapigwa mbiu: gari lolote lisiiache Barabara ya Sultani, ila kwa amri itokayo kinywani mwa Sultani mwenyewe, mpaka kamati ya daraja ikae.

"Itakaa lini hiyo kamati?" akauliza Bi Mchanga.

"Ikishapata viti," akajibu Ngwali.

"Mwanangu, usinitanie. Haya yakioza, mwaka mzima wanangu watakula nini? Wewe si umesoma? Nenda kanisemee!"

Ngwali akaenda barazani kwa Sultani, akainama. "Maulana, mja wako naomba magari yapite Mlimani. Jua ni kali, na matunda hayajui itifaki."

Waziri akacheka hata kilemba kikamwenda upande. "Msomi huyo! Mwache atuonyeshe maarifa yake, Maulana."

"Vema," akasema Sultani. "Madoriani yafike sokoni mazima, na amri yangu isivunjwe. Likioza moja, au gari moja likiiacha barabara yangu bila amri, utambeba Waziri mgongoni kila aendako, maisha yako yote."

"Na kwa sasa magari yafanye nini, Maulana?"

"Yangoje amri yangu."

"Na amri yako hutolewa wapi?"

"Hapa nilipokaa, ewe mpumbavu!"

"Sami'na wa ata'na, tumesikia na tumetii," akasema Ngwali, akatoka akipiga mluzi.

Akawafikia waendesha magari. "Geuzeni, jamaa! Mwenye kungoja amri huingojea pale inapotoka." Wakarudi kwa barabara ile ile, wakayapanga magari chini ya dirisha la sebule kuu, wakayafunua makuti. Nawe doriani walijua: ndani asali, nje choo cha sokoni.

Basi siku hiyo Sultani alikuwa na wageni, wajumbe waliokuja kumposa binti yake. Upepo ukavuma. Mjumbe mmoja akaziba pua, mwenzake akamtazama kwa jicho baya. Mpishi akaapa kuwa si yeye. Waziri akapiga magoti akitafuta panya mfu chini ya zulia. Mwishowe Sultani akachungulia dirishani.

"Ngwali! Uvundo gani huu?"

"Ni utiifu, Maulana. Ukingojeshwa juani hunuka hivi. Oda ni oda."

"Yaondoe!"

"Kwa njia gani, Maulana? Huko mbele daraja hakuna."

"Kamati, Maulana," akadakia Waziri, "wiki ijayo inshallah..."

"Kamati yako ikakae juu ya gari lile la mbele! Yapite njia yoyote!"

"Hata Mlimani, shambani kwa Waziri?"

"Hata kitandani kwa Waziri!"

"Mmesikia, jamaa? Kinywani mwake mwenyewe. Twendeni!"

Magari yakapita Mlimani, yakakanyaga kivuli cha kila mkarafuu, na jioni madoriani yakagombewa sokoni kama sadaka. Bi Mchanga akarudi na matenga matupu, akicheka peke yake njiani.

Sultani naye, pua ilipopona, akacheka, akamwita Ngwali akamvika joho la hariri. Ngwali akalivua, akalikunja, akalitandika miguuni pa Waziri.

"Maulana, joho halivushi gari. Nawe Waziri, inuka hapo ulipokaa. Mlichukua ushuru wa daraja, basi tupeni daraja. Na kazi ya njia apewe anayeijua njia. Lisimame kabla mafenesi hayajaiva. La sivyo tutakuja kungoja amri tena, hapa hapa, chini ya dirisha."