Msalaba wa Anastazia

Mpingo haukaushwi juani. Mmeisikia leo msibani, wajukuu zangu, mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Mchongaji Likumbo alifiwa na mkewe, Anastazia, mwanzoni mwa kiangazi. Akaazimia kumchongea msalaba wa kaburi, na hakutaka mti mwingine ila mpingo. Msalaba wa mti mwepesi huliwa na mchwa, na jina la marehemu likaliwa pamoja nao. Mpingo mchwa hawauwezi. Kiini chake ni cheusi tii, kizito hata huzama majini, na patasi hulia ikikigusa.

Lakini mpingo ukikauka haraka hupasuka. Basi Likumbo alitwaa gogo bichi alilokuwa nalo nyumbani, akalipaka nta kwenye ncha zake, akalilaza kivulini nyuma ya nyumba. Kila asubuhi aliketi kando yake, akasali, akalia.

Kaka yake, Chitanda, alichoka kumtazama.

"Arobaini hiyo inakaribia. Watu watakula ubwabwa, na kaburi halina msalaba?"

"Kaka, gogo bado bichi."

"Mbichi ni wewe! Mwanamume mzima, macho mekundu kama mkaanga dagaa. Msalaba usimame, kilio kiishe, tukutafutie mke."

Likumbo alipokwenda ukweni kwa sala za marehemu, Chitanda alikwangua ile nta, akalibiringisha gogo hadi uani, penye jua kali. Moyoni aliona anamsaidia mdogo wake.

Likumbo aliporudi alikuta ufa umepita ncha hadi ncha, umeingia mpaka kwenye kiini. Akapiga magoti, akatia kidole ndani.

"Tutaziba kwa nta," Chitanda alisema kwa sauti ndogo. "Nani ataona?"

"Mvua itaona. Gogo hili tulilitoa msituni mimi na Anastazia, yeye mbele, mimi nyuma. Nitalibeba na nani jingine?" Kisha akasema, "Ulitaka likauke upesi, kama unavyotaka nikauke mimi."

Siku ya arobaini ubwabwa uliliwa, na kaburini palisimama kijiti kitupu. Likumbo alipokiona, alianguka chini akalia kwa sauti. Mzee mmoja akamkemea, "Nyamaza sasa, bwana. Siku zimepita."

Chitanda akamzuia mzee yule kwa mkono.

"Mwacheni ndugu yangu alie," alisema. "Mpingo haukaushwi juani."