Shikamoo za Sungura

Enzi zile wanyama walikuwa bado wanasalimiana, hata wale waliokuwa wakilana. Basi kiangazi kikaingia katika bonde la Luhomvi na kikakataa kutoka. Msimu wa kwanza wakasema mvua imechelewa. Msimu wa pili wakasema imepotea njia. Msimu wa tatu hawakusema kitu, maana koo zilikuwa zimekauka. Mto ukabaki mchanga mtupu. Katikati ya mchanga huo wakachimba kisima kimoja, nacho kila siku kilijaa mchanga, na kila siku kilitaka kuchimbwa upya.

Kazi iligawanywa kwa rika, kama ilivyokuwa desturi yao. Vijana walishuka shimoni kuchimba. Watu wazima walibeba mchanga na kwenda kuumwaga mbali. Wazee walikaa ukingoni na kugawa maji kwa kata, kile kibuyu cha kuchotea. Watoto, ambao kazi yao ilikuwa kulia tu, walikunywa kwanza, na wazee mwisho. Hilo hakuna aliyelipinga. Aibu kidogo ilikuwa bado imebaki.

Sasa, kila rika lilikuwa na namna yake ya kubeba dhiki, na kila rika liliamini kwamba ni lenyewe tu lenye dhiki. Vijana walilalamika. Ngiri, kiongozi wao, alichimba kwa meno, na muda wote kinywa kilikuwa wazi. "Wenzetu walizaliwa masika!" alipiga kelele kutoka shimoni. "Sisi tukaletwa kiangazi! Nani alituuliza?" Kweli, hakuna aliyewauliza, na hakuna aliyewajibu.

Watu wazima walinyamaza. Nyati, baba wa ndama saba, alibeba vikapu vya mchanga tangu alfajiri bila kutoa neno. Ukimwuliza, "Umeamkaje?" anakujibu, "Nimeshasema sina!" Mkewe aliwaambia majirani kwamba mume wake haumwi kitu, ni mawazo tu. Majirani wakasema aa, basi vizuri, kana kwamba mawazo ni mafua.

Wazee nao walikuwa na dawa yao. Mgawa maji alikuwa Kobe, ambaye macho yalikuwa yamemwisha, akawa anawatambua watu kwa sauti. "Hiki nacho mnakiita kiangazi?" alisema. "Kiangazi kilikuwa kile cha ujana wangu. Tulilamba mawe, bwana, na mawe yenyewe kwa zamu!" Aliyasema hayo kila siku, na kila siku zamu ya mawe ilizidi kuwa ndefu.

Je, Simba mfalme? Ah, yeye hakuwa na kiu. Mfalme anaonaje kiu? Alijilaza juu ya jabali, akatazama mawingu yasiyokuwepo, akawaambia wapambe wake kwamba hali imedhibitiwa. Wapambe wakapiga makofi, lakini polepole, wasije wakatoka jasho.

Basi marika hayakusemezana. Vijana waliwaona wazee wanajigamba. Wazee waliwaona vijana wamedekezwa. Watu wazima hawakuwa na mate ya kupoteza kwa yeyote. Sungura akalitazama jambo hilo, akafurahi mpaka masikio yakamcheza.

"Bonde zuri sana hili," alijisemea. "Kila mmoja anajionea huruma mwenyewe. Nani atapata nafasi ya kunitazama mimi?"

Kila asubuhi alipita penye shimo, kifua mbele, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Ngiri.

"Marahaba, marahaba. Ningeshuka, wanangu, lakini mtu mzima nina familia inanitegemea. Chimbeni, chimbeni."

Akifika kwa wabeba mchanga alikuwa ameshaokota fimbo na kupinda mgongo. "Nyati mwanangu," aliguna, "ningekusaidia, ila mgongo huu ni wa enzi za babu yako."

"Shikamoo, mzee," alijibu Nyati bila hata kuinua macho.

"Marahaba, baba. Mungu akutie nguvu."

Kisha alitupa fimbo kichakani, akalaza masikio, akakimbia kwa hatua fupi fupi hadi kwa Kobe. "Shikamoo, babu!" alilia kwa sauti ya kifaranga.

"Marahaba, mjukuu wangu. Jamani, mtoto ana adabu huyu! Kunywa." Sungura alikunywa, akazunguka nyuma, akabadilisha sauti kidogo, akarudi tena kama mdogo wake. Baadaye akaja kama mdogo wa mdogo wake. Ukoo mzima wenye adabu.

Mwisho kabisa wa foleni ya watoto alikuja Bi Pala, yule swala, na mwanawe. Mtoto huyo alizaliwa katikati ya ukame, akawa miguu tu na macho. Hakuweza kwenda haraka, kwa hiyo kila siku walifika wa mwisho na kupata kilichobaki katika fungu la watoto. Kwanza ilikuwa nusu kata, kisha robo. Bi Pala hakulalamika, hakunyamaza, wala hakusimulia habari za zamani. Alikuwa anaogopa. Usiku na mchana alikuwa anaogopa, na mwanawe alizidi kuwa mwepesi.

Aliyemgundua Sungura alikuwa Fisi, kwa sababu Fisi hutazama kila kinachoingia katika kinywa cha mwenzake.

"Ndugu yangu, kumbe wewe ni mtoto?"

"Asubuhi tu," alisema Sungura. "Kaa kimya, na wewe jaribu. Lakini kiasi, unanisikia? Kiasi!"

Kumwambia Fisi habari za kiasi! Kesho yake alipanga foleni na watoto, ndevu zake nyeupe zikipepea.

"Shikamoo, babu. Mimi mtoto mchanga."

"Mbona sauti nzito hivyo?" aliuliza Kobe.

"Nina kikohozi, babu."

"Ooh, pole. Kunywa." Akanywa. Akarudi na kikohozi kingine, akanywa. Alirudi mara tano, mpaka tumbo likawa linapiga mawimbi na miguu ikakataa kumbeba, akalala palepale miongoni mwa watoto.

Zamu ya mwana wa Pala ilipofika, kata ilikwangua matope. Mtoto akayalamba yale matope mara moja. Magoti yakamkunjika, akaanguka.

Bi Pala alipiga yowe. Ngiri akapanda kutoka shimoni, Nyati akatupa kikapu, na hata Simba akateremka jabalini, maana lile yowe lilikuwa linaharibu udhibiti wa hali.

"Nani amekunywa maji ya watoto?" aliuliza Kobe.

"Si mimi, babu!" Sungura alijibu haraka kwa ile sauti ya kifaranga, sharubu zikidondosha maji. "Shikamoo, babu!"

Ngiri, ambaye pamoja na kelele zake zote alilelewa vizuri, alipomwona akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," alisema Sungura. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Shikamoo, mzee," alisema Nyati.

"Maraha..." Akajiziba mdomo, lakini wapi!

Kobe alirefusha shingo. "Nyati, una watoto wangapi?"

"Saba."

"Na unamwamkia mjukuu wangu?"

"Mjukuu gani? Huyu si mzee wa mgongo?"

"Mzee wa nini!" Ngiri aling'aka. "Huyu ana familia changa, ndiyo maana hachimbi!"

Wakatazamana. Kwa misimu mitatu walikuwa hawajatazamana hivyo. Kobe akapapasa ukingo wa shimo kwa mguu wake, akapapasa chini, chini zaidi, asifike popote. "Ngiri," alisema taratibu, "mnashuka mbali namna hii kila siku?"

"Ulidhani maji yanapanda yenyewe, babu?"

"Sikujua, mwanangu. Wallahi sikujua."

"Mtaombana radhi baadaye!" alipiga kelele Bi Pala. "Mwanangu anakufa!"

Simba akakohoa kifalme. Kwa mara ya kwanza katika kiangazi kile akasema jambo la maana, na mwenyewe alishangaa kuliko wote. "Sungura ana umri wa kila mtu. Basi afanye kazi ya kila mtu. Mshusheni!"

Wakamshusha. Chini kabisa shimo lilikuwa jembamba, Ngiri hakuweza kupita, ila Sungura alipita vizuri sana. Hatua za kwanza alilalamika kwamba amezaliwa wakati mbaya. Alipofika kina cha kimo cha Nyati mmoja alinyamaza kabisa. Alipofika kina cha Nyati wawili, kila alipojaza kikapu ilibidi apande nacho mwenyewe, na hapo akaanza kusema kwamba amewahi kuona visima vigumu kuliko hiki. Ngiri alipanua kingo, Nyati alimwaga mchanga, na Fisi akaviringishwa pembeni asizibe njia.

Mchanga ukawa na unyevu, kisha maji yakachomoza. Kata ya kwanza ilikwenda moja kwa moja kwa mwana wa Pala. Bi Pala alimshika kichwa, akamtilia tone kwa tone. Mtoto alimeza. Akameza tena. Alipofungua macho akasukuma kata kwa pua yake kutaka nyingine, na Bi Pala alilia mbele ya watu wote, bila haya.

Sungura alipanda juu amejaa mchanga hadi ndani ya masikio, ulimi nje. "Na mimi," alihema, "kiu inaniua."

"Utapata," alisema Kobe, kata mkononi. "Sema tu wewe ni rika gani, tukupange foleni."

Sungura akaanza kuhesabu marika kwa vidole. Akisema mtoto, Bi Pala yuko pale na kaka zake wenye pembe. Akisema kijana, kesho yumo shimoni. Akisema mtu mzima, kikapu kinamngoja. Akisema mzee, atakunywa wa mwisho. Alikaa chini akapiga hesabu, akairudia hesabu, na kata ikapita kwa watoto, ikapita kwa vijana, ikapita kwa watu wazima, ikawafikia wazee, na maji yakaisha yeye akiwa bado anachagua.