Kwa Nini Mbwa Ana Kiuno

Sogeeni mnisikie, na mwenye njugu mdomoni amalize kutafuna kwanza, maana mimi sisimulii mara mbili.

Zamani mbwa hakuwa na kiuno. Alikuwa mnene sawasawa tangu kifuani hadi mkiani, gogo lenye miguu. Na watu wa milima ile, ambao akili zao hazikuwa pungufu kuliko zenu, walikuwa na tabia moja ya kijinga. Mgeni akifika bomani, kabla ya kusalimu alimtazama mbwa. Akimkuta amefura, alisema moyoni: hapa kuna chakula. Basi kila nyumba ikamshindilia mbwa wake ili isidharauliwe. Nyani wa kuvamia mashamba walikuwa wachache bado, mbwa hana wa kumfukuza, kwa hiyo ujinga huo haukumwumiza mtu.

Katika boma moja aliishi Mghoi, hodari wa jembe, si mwingi wa maneno. Mumewe Mwandoe alikufa kwa homa msimu wa kupanda, wala hawakuwa wamejaliwa mtoto. Matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu akamwambia, "Shemeji, shamba nakuachia mpaka mavuno. Ukiweza kulilinda, ni lako. Nyani wakilimaliza, nalichukua mimi, nawe urudi kwa kaka zako." Mghoi akabaki na mahindi bondeni, mtama juu mlimani, na mbwa aitwaye Watachoka. Jina hilo marehemu alilitoa kwa ajili ya majirani waliopenda kumsema.

Mghoi alikuwa amezoea kupikia watu wawili. Kichwa kilijua kwamba Mwandoe amekufa, ila mkono haukujua. Ulichota unga uleule. Akishakula lake, lilibaki bakuli la mume limejaa, linafuka mvuke. Kulimwaga aliona ni kama kumzika mara ya pili. Siku moja akaliweka mbele ya Watachoka. Mbwa akala, akalamba mpaka mti wa bakuli ukang'aa, akainua macho. Mghoi akalichukua bakuli tupu akalitazama. Lilikuwa tupu kama zamani, kama mwenyewe alipokuwapo. Moyo ukamtulia kidogo. Kesho yake akafanya vilevile, na siku zote zilizofuata.

Wifi yake Wakio, dada wa marehemu, alipopita kumjulia hali alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Wifi, huyu ni mbwa au mtungi wa pombe?"

"Ana afya."

"Afya gani, mtu anahema naye amelala?"

Mghoi akainama mekoni akapakua. Alimwekea mbwa bakuli.

Mahindi yalipokomaa nyani wakashuka, kundi zima, na watoto mgongoni. Mghoi akapiga yowe, "Watachoka! Kamata!" Mbwa akatoka mbio, kwa kweli alijitahidi. Alikwenda hatua kumi, ulimi ukamning'inia, miguu ikakataa, akaporomokea mtaroni akakwama chali. Nyani dume mmoja akaketi juu ya tuta, akamtazama huku akimenya hindi lake taratibu kama mgeni aliyekaribishwa. Jioni bondeni yalibaki mabua matupu.

Sasa ulibaki mtama, ambao ulikuwa na miezi miwili mbele. Mghoi akampandia mbwa hasira akamnyima kila kitu. Siku ya tatu Watachoka alikuwa anayumba, ametafuna kamba ya mbuzi na nusu ya kiatu cha ngozi. Wakio akaja, akaona, akapandisha sauti.

"Wewe! Juzi ulimlisha kama mume, leo unamnyima kama mwizi. Si umlishe kama mbwa!"

Mghoi akakaa chini palepale kwenye majivu. "Wifi, chungu changu hakijui kupikia mtu mmoja."

Wakio naye alikuwa amefiwa na kaka. Akaingia ndani, akatoka na chungu kidogo cha mboga, akakiteleka mwenyewe mekoni.

Jioni hiyo Mghoi alipika kwa chungu kidogo. Alilia, akapenga kamasi, akapakua. Akampimia mbwa kibuyu kimoja kidogo, si zaidi, na asubuhi kimoja. Kisha akaufungua mkanda wa ujane aliokuwa amejifunga kiunoni, akamfunga Watachoka nyuma ya mbavu, ukamkaa barabara. Kila asubuhi alikwenda naye mtoni na kurudi, na kila siku ya gulio alimpapasa. Kiganja kikikosa mbavu, alipunguza kibuyu. Mbavu zikimchoma, aliongeza. Mkanda ukilegea, aliukaza kidogo tu, usimbane. Mbwa naye alimtazama kwa macho ya yatima. Mghoi akawa anageuza uso, maana macho yale yalimshinda mara nyingi, nami simcheki.

Mtama ulipoiva nyani walirudi, dume yuleyule mbele, hana haraka. Watachoka hakungoja kuitwa. Alipanda mlima kama jiwe la kombeo, na lile dume likaacha nusu ya mkia kwenye meno yake. Mavuno yakaingia ghalani, shemeji akaja, akatazama, akaondoka bila kunywa maji.

Mkanda ulioza ukaanguka wenyewe. Alama yake haikuondoka, na watoto wa Watachoka walizaliwa nayo.

Na tangu siku hiyo mbwa mzima ana kiuno nyuma ya mbavu, na watu wa milima ile humpapasa kwanza ndipo wampimie. Mgeni naye akiona mbwa aliyefura siku hizi huuliza polepole, nani amekufa hapa? Lakini macho yale yamebaki. Utamlisha ashibe, kisha ukianza kula wewe, atakuja akae mbele yako akutazame. Haombi chakula huyo. Anauliza kama bakuli la marehemu bado lipo. Mpapase mbavu, umwambie halipo.