Benchi la Bwana Mndolwa

Bei ya tiba muulize asiyekuja. Nimewaambia neno hilo baada ya mwenyekiti wenu kudai kwamba kiingilio kipya cha chama hakijamkera mtu, maana wote waliofika mkutanoni wamelipa. Mmecheka, kisha mmetaka kujua limetoka wapi. Kaeni basi, lakini halikuzaliwa kwenye kicheko.

Shamba la mkonge nilikokulia lilikuwa na wazee wastaafu waliopewa posho ya matibabu. Posho ile ilifuata bei. Tiba ikipanda, nayo hupandishwa. Isipopanda, hubaki ilivyo. Aliyetumwa kufuatilia bei alikuwa Bwana Zuberi Mndolwa. Kila mwezi alikuja kwa baiskeli, akaketi kwenye benchi nje ya zahanati, na kila aliyetoka akamuuliza amelipa kiasi gani. Alikuwa mwaminifu, sitamsema vibaya. Hata soda ya mganga aliikataa.

Mwaka ule zahanati iliacha kutoa bure bandeji na dawa ya kuoshea vidonda, ikaanza kuviuza. Kumwona mganga kulibaki bei ileile. Wenye homa na vikohozi waliendelea kuja, wakatoka, wakaulizwa, wakajibu kweli tupu: tumelipa kama zamani. Wenye vidonda walioshindwa gharama walibaki makwao, na benchi halikuwaona. Basi Bwana Mndolwa akaandika kwamba tiba haijapanda, na posho ikakaa palepale.

Mzee Hiza, mkata mkonge wa zamani, alikuwa na kisukari na kidonda mguuni. Awali kidonda kilikuwa kikisafishwa pale zahanati kila asubuhi. Sasa mkewe, Bi Mwanahija, alikifunga kidonda kwa vitambaa vya kanga kuukuu alivyovichemsha jikoni. Siku moja alikwenda zahanati kuomba angalau kipande cha bandeji, akanyimwa. Alipotoka, Bwana Mndolwa akamwita.

"Shikamoo, mama. Umelipa kiasi gani leo?"

"Marahaba. Sikulipa kitu. Sikutibiwa."

"Basi samahani. Mimi nawauliza waliotibiwa."

"Unawauliza nini?"

"Kama bei imepanda."

Bi Mwanahija alimtazama sana. "Mwanangu, ukikaa mlangoni pa msikiti ukawauliza wanaotoka kama wameswali, nani atakwambia hakuswali?"

Bwana Mndolwa akakunja karatasi zake, akakokota baiskeli nyuma ya mama yule mpaka kwake. Harufu ya mguu ilimpokea kabla ya mwenyeji. Mzee Hiza alijitahidi kuketi, akamkaribisha, kisha akasema, "Nilipoambiwa bandeji ni juu yangu, niliona posho haitoshi bandeji na chakula. Nikasema afadhali tule." Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza mgeni.

Alasiri ile Bwana Mndolwa alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu walioacha kwenda zahanati. Taarifa yake ya safari hii ilisema tiba imepanda, tena sana. Wakubwa waliikubali, lakini mambo ya ofisi hayana haraka, na kidonda hakingoji ofisi.

Miezi ikapita, posho ikapanda. Siku ya malipo wastaafu walijaa katika ukumbi wa shamba, na Bwana Mndolwa naye alifika kuona matunda ya kazi yake. Alikuwa na furaha, wala simlaumu. Karani aliita jina la Hiza, ambalo ofisi ilikuwa haijalifuta, akasimama Bi Mwanahija, aliyekuwa ametoka eda juma lile. Sisi wa pale tulijua. Bwana Mndolwa, mtu wa kuja na kuondoka, hakuwa na habari.

Akamsogelea mama yule, akamuuliza kwa upole, "Mama, kwa bei ya sasa, fedha hizi zitatosha tiba ya mzee?"

Nilimwonea huruma yule bwana, na mama nikamwonea zaidi. Bi Mwanahija alizikunja noti, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akamjibu bila kuinua sauti:

"Bei ya tiba, mwanangu, muulize asiyekuja."