Kifuniko Chekundu cha Asiyetajwa

Wapendwa, kabla sijasema chochote, nyie mliokaa mbele punguzeni kutikisa vichwa. Sijaanza. Mnakubaliana na nini?

Haya. Palikuwa na watu watano, watu wazima kabisa, wa vitambi na miwani ya kusomea, nao walikuwa na ufalme. Ufalme wenyewe ulikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, kwenye karakana ya fundi cherehani. Kila Jumamosi saa tisa alasiri fundi anasukuma vitambaa pembeni, anatoa dadu mbili na daftari kubwa la mistari, na mchezo unaanza. Mchezo wa kuigiza. Kila mmoja ni mtu fulani katika nchi ya kubuni yenye malkia, yenye msitu wa mizimu, yenye joka ambalo kila mwezi lazima lile ng'ombe wa mtu. Fundi ndiye msimulizi. Anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje?" Wewe unasema utakachofanya, dadu zinarushwa, na linalotokea limetokea.

Msicheke. Nyie mna kundi la WhatsApp la watu mia mbili na hamjaua joka hata moja.

Sasa, utamu wa mchezo ule haukuwa joka. Utamu ulikuwa heshima. Katika daftari la fundi kila mtu alikuwa na alama za heshima. Ukimwokoa binti wa mkuu, alama tatu juu. Ukipiga chafya mbele ya malkia, mbili chini. Alama zinakupa cheo, na cheo kinakupa nini? Kiti! Aliye juu anakalia kiti chenye mto, dirishani, penye upepo. Wa chini anakalia kigoda, jirani na pasi ya mkaa, anachomwa taratibu kama muhogo. Na wa chini hasemi na wa juu mpaka aombe: "Mheshimiwa, naruhusiwa kusema?"

Walilipenda hilo! Fundi saa, ambaye nyumbani kwake hata rimoti ya televisheni haruhusiwi kuigusa, pale alikuwa Kapteni wa Lango. Karani wa mahakama alikuwa mganga wa jeshi. Na muuza dawa, mwenye duka la dawa, huyu mshikeni vizuri, alikuwa Diwani wa Malkia, na alibakiza alama moja, moja tu, awe Waziri. Miaka miwili alikuwa akiitafuta alama ile. Mkewe alikuwa anajua. Wateja wake walikuwa wanajua. Unakwenda kununua dawa ya minyoo, unasimuliwa habari za Malkia.

Wa tano alikuwa mwanamke, mwalimu wa chekechea, mcheshi kuwashinda wote. Yeye na muuza dawa walikuwa wakiitana kaka na dada tangu walipoimba kwaya pamoja, dada soprano, kaka sauti ya nne isiyojua inakwenda wapi. Na dada huyu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa anajichoma sindano kila siku, na dawa alikuwa anachukua kwa kaka yake huyo huyo. Kaka ndiye aliyemfundisha dalili: "Dada, ukiona jasho la baridi, mikono inatetemeka, ulimi unakuwa mzito, ujue sukari imeshuka. Usingoje. Kunywa kitu kitamu hapo hapo, soda, juisi, chochote." Akamwandikia kwenye boksi la dawa kwa kalamu nyekundu.

Nisahau kuwaambia jambo moja? Sisahau. Walikuwa na akili hawa. Walisema, mchezo wetu unachanganya kichwa, siku moja mtu ataumwa kweli tudhani anaigiza. Kwa hiyo fundi akachukua vifuniko vitano vya soda, akavipaka rangi nyekundu ya kucha, kila mtu kimoja. Ukiweka kifuniko katikati ya meza, mchezo umesimama. Hakuna swali, hakuna cheo, hakuna "mheshimiwa". Na wakaapa kwamba kifuniko hakifanyiwi utani. Hawakukifanyia utani hata mara moja. Nataka mkumbuke hilo.

Siku moja fundi akasimulia hivi: "Mwanakijiji," ndiye yule dada, katika ufalme alikuwa mwanakijiji tu, "Mwanakijiji, mlangoni kwako ameanguka askari wa adui. Anavuja damu. Anaomba maji."

Dada akasema, "Nampa uji."

Karani akashika kichwa. "Dada, huyo ni adui wa kiti cha enzi!"

"Ana njaa."

"Daftari linasema atakayemlisha adui—"

"Daftari limeshawahi kulala njaa? Nampa uji, na naweka sukari."

Wakacheka mpaka fundi saa akakohoa. Lakini daftari ni daftari. Dadu zikarushwa, siri ikafichuka, na dada akaporomoka mpaka chini ya chini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Cheo chake kikawa Asiyetajwa. Asiyetajwa hajibiwi. Asiyetajwa hapewi kitu. Atakayemjibu au kumpa kitu anapoteza alama. Na mali yake yote inachukuliwa. Fundi akakusanya vikaratasi vyake: punda wake, kisu chake, kibanda chake, vyote akavitumbukiza kwenye mkebe wa vifungo.

Dada akauliza, "Na kifuniko?"

Fundi akasema, "Kila kitu." Kikaingia mkebeni. *Tang!*

Nani alipinga? Mlikuwepo? Hakuna aliyepinga. Ilikuwa inachekesha.

Jumamosi iliyofuata dada akakaa kwenye kigoda chake karibu na pasi, haongeleshwi, na mnajua mtu mcheshi akinyimwa kuongeleshwa anakuwaje. Akasema taratibu, "Kapteni, kuna nyoka kwenye suruali yako." Kapteni wa Lango akapanda juu ya meza akipiga yowe la bibi harusi. Alama mbili chini! Jumamosi ya pili akamwambia karani, "Mkeo yuko mlangoni na begi." Karani akasimama, "Begi gani?" Alama chini! Wakakasirika, wakacheka, wakaapa: Jumamosi ijayo, aseme lolote, hajibiwi. Diwani ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa. Alibakiza alama moja, si mnakumbuka?

Jumamosi ya tatu dada alichelewa. Alikuwa na kikao cha wazazi, alikuwa amejichoma sindano yake na chakula hakukila. Alisema atakula akifika. Akafika, mchezo umeshaanza, akakaa. Juu ya meza palikuwa na soda moja, ya machungwa, mbele ya Diwani.

Akasema, "Kaka, naomba hiyo soda."

Kimya.

"Kaka, mwenzio sijisikii vizuri. Soda."

Fundi saa akaangalia dari. Karani akaanza kutabasamu. Diwani, wapendwa, Diwani akaichukua chupa, akapiga funda moja refu, akasema, "Aaah."

Wakavunjika mbavu. Hata mimi mwenyewe, kama ningekuwepo, ningecheka. Ilikuwa imepangwa vizuri, na muda wake ulikuwa mzuri.

Dada akanyoosha mkono kutafuta kifuniko chake mbele yake. Hakipo. Akaangalia mkebe, uko kwa fundi, mbali. Akanyoosha mkono kwa kifuniko cha karani. Karani akamchapa kiganja: "Mwizi! Asiyetajwa anaiba!" Fundi akafungua daftari. "Wizi mbele ya Diwani, alama nne chini." Hata chini ya chini, kumbe kuna chini nyingine.

Akaanza kuongea, ulimi mzito, maneno yanaburuzika kama ya mlevi. Karani akasema, "Jamani, huyu mama ana kipaji." Jasho likamdondoka juu ya karatasi, wino ukatawanyika. Na hapo Diwani akaona.

Aliona. Msije mkasema hakuona. Ni muuza dawa, dalili zile aliziandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Aliona jasho, aliona mkono unatetemeka, na moyo wake ukamwambia, hii siyo kuigiza. Na mnajua alifikiri nini? Alifikiri, *nikisema sasa, Uwaziri umekwenda. Dakika moja tu. Kapteni atasema. Kapteni hana cha kupoteza.* Akamwangalia Kapteni. Kapteni alikuwa anamwangalia yeye, kwa sababu mwenye kujua dawa ni yeye, na kama yeye amenyamaza basi ni mchezo.

Dada akaweka kichwa juu ya meza. Halafu akateleza kutoka kwenye kigoda, akaanguka sakafuni kwenye vipande vya vitambaa.

Wakapiga makofi.

Ndiyo. Watu wanne waliokuwa wanampenda. Wakasimama kabisa, wakapiga makofi.

Makofi yalidumu kiasi gani? Sijui. Yalidumu zaidi ya ilivyotakiwa.

Hakufa. Nasikia mnashusha pumzi. Msishushe. Alikaa hospitali wiki tatu, na aliyetoka siyo aliyeingia. Kuna vitu vilivyofutika. Jina la shule yake. Nyimbo za watoto wake wa chekechea. Muuza dawa hakuwa na ujasiri wa kwenda mpaka wiki ya tatu. Akaenda mchana, saa ya kuona wagonjwa, akiwa na nini mkononi? Soda. Ya machungwa. Mtu akishindwa kufikiri huleta kitu alichotakiwa kukileta jana.

Akaifungua, akaiweka kwenye kimeza cha pembeni ya kitanda. "Dada. Kunywa."

Dada akaitazama chupa. Hakuigusa. Akainamisha kichwa, akasema kwa adabu kabisa, "Mheshimiwa, naruhusiwa kusema?"

Yeye akacheka. Alidhani ni utani! Hata pale alitamani uwe utani. Akangoja sura ya dada ifunguke, ile sura ya nyoka kwenye suruali. Haikufunguka.

"Dada, ni mimi. Kaka yako. Mchezo umekwisha."

Dada akapapasa shuka, huku na huku, chini ya mto, mbele yake, akitafuta kitu. Akakosa. Akamwangalia tena kwa woga.

"Sina kifuniko, mheshimiwa."

Wapendwa. Mnanifahamu, huwa namalizia mfano wangu kwa kitu cha kuwafurahisha kabla ya sadaka. Leo sina. Nimetafuta wiki nzima.

Mtaniambia, "Lakini alikuwa na utani mwingi, wangejuaje?" Kifuniko kilikuwepo kwa ajili hiyo hiyo! Kiliwekwa kwa ajili ya siku ambayo neno la mtu halitaaminiwa. Nao wakamnyang'anya aliyekihitaji kuliko wote, wakawaachia wale ambao wakikohoa tu wanaletewa maji. Yule Diwani wa kwenye kiti chenye mto alikuwa na kifuniko chake mfukoni muda wote. Angekiweka mezani. Kwa hesabu yake, kingemgharimu alama moja.

Na sisi? Sisi hatuna dadu. Sisi hatuna daftari. Si ndiyo? Basi kwa nini mgeni akiingia hapa na suti, vijana wa mapokezi wanakimbia kama moto umewaka, na akiingia na ndala tunamwonyesha benchi kwa kidevu? Nani alitufundisha kwamba kuna salamu za kuitikia kwa "Bwana asifiwe sana" na salamu za kuitikia kwa "mm"? Tunayo alama, wapendwa. Tunazipandisha na kuzishusha pale nje, wakati wa kusalimiana, kwa kunong'ona. Na mtu akishuka kabisa, tunamnyang'anya na kile kidogo ambacho angetupigia nacho kelele.

Yule mama wa benchi la mwisho, upande wa mlango. Mnamjua. Aliyempokea mwanawe alipotoka gerezani, akampa chumba na chakula, na sisi tukasema, sawa, ni mwanawe, lakini mbona anamleta kanisani? Tukaacha kukaa naye benchi moja. Hakuna aliyetangaza. Tulijikuta tu tunapenda upande wa dirishani.

Jumapili tatu zilizopita alisimama wakati wa matangazo. Akanyoosha mkono, mnakumbuka, na kitambaa cheupe. Tukamwambia nini? "Mama, kaa. Matangazo yanaandikwa na kupitishwa na mzee wa kanisa." Mimi ndiye niliyesema, kwenye kipaza sauti hiki. Nikaongeza na kautani. Mkacheka.

Akakaa.

Alitaka kusema nini? Mimi sijui.

Geukeni mlitazame benchi lile. Geukeni, nyote, hata wa mbele. Mnaona? Jumapili iliyopita lilikuwa tupu hivyo hivyo. Na ile nyingine.

Tusiombe bado. Keti, mwimbishaji, hakuna wimbo. Kwanza mtu mmoja anijibu. Watu mia tatu humu ndani. Nani anajua nyumbani kwa mama yule ni wapi?

Mzee wa kanisa?

Akina mama?

Hata mmoja?