Msiba wa Sanduku la Kura

Mmekuja tena. Mimi si redio, mniwashe mnapotaka. Haya, kaeni. Anayesinzia akalale, sirudii.

Palikuwa na watu watatu katika nchi moja. Nyamizi alikuwa na sauti: akipiga yowe, ng'ambo ya kilima wanaacha chakula. Maganga, seremala, alikuwa na mikono: akishika kitu, kumwachisha ni kumvunja. Kalunde alikuwa na ulimi, na hata mbuzi wake walimwonea haya.

Mtawala wao, Bwana Lukanda, aliona uchaguzi unamwendea kombo, akaufuta. Watu wakajaa barabarani: "Tupeni kura yetu!" Akawamwagia askari. Wengine waliuawa, wengine wakasombwa na kufungiwa kwenye ghala la pamba, akiwemo Shija, mwana wa pekee wa Nyamizi. Redio ikatangaza: Jumamosi wananyongwa, na ni marufuku watu kukusanyika, isipokuwa msibani. Msiba aliuacha, maana hata jambazi mwenye bunduki huogopa laana ya kuzuia maziko.

Ijumaa asubuhi Nyamizi akasimama sokoni, mikono kichwani, akapiga yowe la msiba. Watu wakamiminika na kuni na unga, kama desturi.

"Nani kafa, mama Shija?"

"Sanduku la kura, jamani! Limeuawa mchana kweupe!"

Watu wakatua kuni chini. Halafu mji mzima ukaangua kilio, na ndani ya kilio kulikuwa na kicheko.

Maganga akatoa sanduku alilolichonga kwa uchaguzi ule uliofutwa, akalivika sanda, akajitwika begani, akashika njia ya ghalani, mji mzima nyuma yake. Askari wakamshukia kwa virungu.

"Weka chini!"

"Maiti haiwekwi chini njiani, afande."

Mkono ukavunjika. Akalihamishia bega la pili. Wa nyuma walipoona sanduku bado liko juu, hakuna aliyegeuka.

Langoni pa ghala Kapteni Masunga akaamuru bunduki zielekezwe. Hapo akatokea Kalunde, na Kalunde ni mtani wake. Mtani msibani ana ruhusa ya kukutukana na kukunyang'anya kitu mpaka umpe haki yake, na ukimpiga, ukoo wako unakutema. Akamvua kapteni kofia, akaivaa yeye.

"Masunga, kikojozi wee! Babu zako walikimbia panya, leo wewe unatishia wafiwa!"

Kapteni akafura. Askari wakabana midomo, wakashindwa, wakacheka mpaka bunduki zikainama. Askari anayecheka halengi.

"Nipe haki yangu ya msiba," akasema Kalunde. "Nataka ufunguo."

Akautoa. Angefanyaje?

Lango likafunguka, wafungwa wakamwagika nje. "Mama, umenitia aibu na makelele yako," Shija akasema, akilia. "Tembea huko!" Nyamizi akamjibu. Vigelegele vikapaa. Kabla jua halijazama, askari wale wale walimkamata Lukanda akitoroka kwenye gari la maziwa.

Uchaguzi ukapangwa upya. Watu wakakubaliana: kura ya kwanza aipige aliyetukomboa, mmoja tu.

"Bila yowe langu mngekuwa mmejifungia ndani," Nyamizi akasema.

"Na mngemfuata nani?" akauliza Maganga, mkono umefungwa vijiti vya gango. "Yowe halibebeki begani."

Kalunde akacheka. "Bila mimi mngezikwa pamoja na hilo sanduku lenu."

Haya, nyie mliojaa hapa mkinimalizia karanga, mngempa nani? Na msiniambie wapige wote pamoja, tundu la sanduku ni moja.

Lukanda hamna haja ya kumwamulia. Mahakama ilimfunga maisha. Lakini kabla hajapelekwa, watani walidai: aliyeleta kifo awahudumie wafiwa. Akakalishwa juani, akasugua masufuria ya mji mzima kwa mchanga. Mwisho wakaja mama wa waliouawa, kila mmoja na sufuria lake na jina la mwanawe, na Lukanda hakupewa sufuria jingine mpaka alitamke jina lile, kwa sauti, watu wote wasikie.